Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Karantini ya Mimea na Forodha: Kagueni Mawe na Magari kabla Lycorma Hajafika

Kwa Wakuu wa Karantini ya Mimea, Forodha na Kilimo,
Nairobi.

Waheshimiwa,

MINTARAFU: MAYAI YA MDUDU LYCORMA KWENYE MAWE, KRETI NA MAGARI YANAYOINGIA NAIROBI

Tunawaandikia kwa heshima inayostahili ofisi zenu. Sisi ni wakuzaji wa mizabibu, wenye vitalu vya miche na wataalamu wa afya ya mimea tunaofanya kazi Nairobi na viungani mwake. Jambo hili tulilileta kwenu kwanza kwa njia ya kawaida. Barua zilipokelewa, zikapigwa muhuri, kisha kukawa kimya. Tulipofuatilia tuliambiwa katika ofisi moja kwamba jiwe si mmea, kwa hivyo tuwaone watu wa forodha. Kule forodha tukaambiwa wadudu ni wa watu wa mimea. Kwa kuwa kila mlango umetuelekeza kwenye mwingine, tumeamua kuwaandikia nyote kwa pamoja, mbele ya umma.

Tunayemzungumzia ni Lycorma delicatula, mdudu rukaji anayefyonza utomvu wa mimea. Asili yake ni China. Korea Kusini ilimgundua mwaka 2004, Japani ikampata katika mkoa wa Ishikawa mwaka 2009, na Septemba 2014 akaonekana katika kaunti ya Berks, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Kenya hajaripotiwa. Ndiyo sababu tunaandika sasa. Leo kazi inayotakiwa ni ya tochi, kadi ngumu ya plastiki, chupa ya alkoholi na fomu ya ukurasa mmoja. Akishaingia kwenye miti ya mji huu, kazi itakuwa ya mabomba ya dawa kila msimu, na atakayelipa ni mkulima.

Haya ndiyo yanayotutia wasiwasi.

1. Mzigo unaombeba hauhesabiwi kuwa na hatari.

Inaaminika kwamba mayai yalifika Pennsylvania mwaka 2012 yakiwa yamebandikwa kwenye shehena ya mawe ya kupambia bustani kutoka Asia. Ilichukua miaka miwili mdudu mwenyewe kutambuliwa. Karantini ya kwanza, Novemba 2014, ilihusu vitongoji vichache tu vya Berks. Tangu hapo ameenea katika majimbo zaidi ya 15, akifuata barabara kuu na reli, akipanda magari ya watu wasiojua kwamba wamembeba.

Jike wa Lycorma hachagui mmea pindi anapotaga. Hutafuta sehemu ngumu, hasa ile iliyojificha kidogo na mvua: gome la mti, jiwe, chuma chenye kutu, paleti, ubavu wa kontena, kiti cha plastiki kilichoachwa nje. Mawe ya graniti hukatwa, hupangwa kwa kusimama na kusubiri meli kwenye yadi za wazi, mara nyingi karibu na miti. Nafasi kati ya bamba na bamba ni mahali pazuri sana pa kutagia. Bamba hizo ndizo zinazopandishwa treni Mombasa na kufunguliwa katika yadi za mawe za Industrial Area na kando ya Mombasa Road, hatua chache kutoka kwenye miti na ua za watu.

Orodha ya ukaguzi inayouliza tu kama kontena lina mbegu, miche, matunda au udongo haiwezi kumkamata mdudu wa namna hii. Itajibiwa "hapana" kwa ukweli kabisa, na kontena litapita na mayai yake.

2. Muhuri wa mbao umepewa kazi ambayo haukutengenezewa.

Kila tulipolizungumza jambo hili tumeonyeshwa alama ya ISPM 15, yaani kiwango cha kimataifa cha kutibu mbao za kufungashia mizigo, kwenye kreti. Tunaiheshimu alama hiyo. Inathibitisha kwamba mbao zimepashwa joto hadi nyuzi 56 za Selsiasi katika kiini kwa dakika 30 mfululizo, au zimetibiwa kwa njia nyingine iliyokubaliwa, ili kuua wadudu wanaotoboa mbao na minyoo iliyomo ndani yake. Lakini haitoi kinga baada ya hapo. Kreti iliyopigwa muhuri mwezi wa sita, ikakaa uani hadi mwezi wa kumi, inaweza kuwa na mafungu ya mayai upande wa chini na muhuri halali upande wa juu. Tena muhuri hausemi lolote kuhusu jiwe lililomo ndani ya kreti. Mkaguzi anayesimama kwenye muhuri na kurudi amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo inayohusu mdudu huyu.

3. Magari yaliyotumika.

Nchi yetu huagiza magari mengi yaliyotumika kutoka Japani, na Japani mdudu huyu yupo. Gari husubiri mnada na meli kwenye maegesho ya wazi. Mayai hutagwa ndani ya upinde wa gurudumu, nyuma ya bampa, chini ya kibao cha namba, kwenye fremu ya trela. Ukaguzi wa kabla ya gari kusafirishwa unahusu usalama wa barabarani na mionzi; tunaomba uongezwe mstari mmoja tu unaohusu mayai ya wadudu. Tunaongeza tahadhari moja ambayo haizingatiwi: kuliosha gari kwa maji ya presha likishafika huku si tiba. Maji yanaweza kuangusha fungu la mayai chini likiwa zima, na mayai yaliyoanguka bila kupondwa wala kuloweshwa alkoholi bado yanaweza kuanguliwa.

4. Kalenda ya hatari ipo, wala haitumiki.

Huku kwetu tumezoea wadudu wasio na msimu. Lycorma ana kizazi kimoja tu kwa mwaka, jambo linalorahisisha ukaguzi mno. Katika maeneo aliko sasa, majike huanza kutaga Septemba na kuendelea hadi baridi kali iwaue, Novemba au Desemba. Mayai hukaa hivyo hivyo hadi yaanguliwe, kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Juni. Maana yake ni kwamba mzigo uliopakiwa huko kati ya Septemba na Juni unaweza kubeba mayai, na ule wa Julai hadi Novemba unaweza kubeba wadudu wazima. Ukijumlisha wiki kadhaa za safari ya bahari, miezi ya kukaza uzi Nairobi kwa ajili ya mayai ni Oktoba hadi Julai. Cha kutazama ni tarehe na bandari ya kupakia, ambazo zimo kwenye hati za mzigo. Hazihitaji mfumo mpya wa kompyuta.

Kontena linalopita kwenye bahari ya joto hupata moto ndani, na joto huharakisha mayai kukomaa. Kwa hiyo anayelifungua asitafute mayai peke yake. Aangalie pia tunutu, yaani wadudu wachanga wasio na mabawa, wakitembea kwenye mbao na kuta za kontena.

5. Wanaofungua kontena hawajui wanachokitafuta.

Hili ndilo linalotuuma zaidi, kwa sababu dawa yake ni rahisi. Mkaguzi, wakala wa forodha, dereva wa foklifti na fundi wa mawe wanaweza kufundishwa kwa asubuhi moja. Tunayaweka hapa maelezo yenyewe ili yeyote ayatumie.

Fungu la mayai lina urefu wa takriban sentimita 2.5 na mayai 30 hadi 50, yamepangwa kwa mistari iliyonyooka, kisha jike huyafunika kwa utando wa nta. Likiwa jipya utando hung'aa na kuelekea weupe. Baada ya siku chache huwa kijivu au hudhurungi na kufanana na tope lililokauka. Likizeeka hupasuka na kubanduka, na ndipo mistari ya mayai ya rangi ya kahawia huonekana wazi. Fungu lenye matundu madogo limeshaanguliwa. Hilo lisipuuzwe, kwani ni ushahidi kwamba wachanga wametoka, ama huko lilikotoka au ndani ya kontena hilohilo.

Tunutu wa hatua tatu za kwanza ni weusi wenye madoa meupe. Yule wa hatua ya kwanza ana urefu wa milimita 4 hivi. Wa hatua ya nne hugeuka mwekundu, akibaki na madoa meupe na michirizi myeusi. Mdudu mzima ana urefu wa kama sentimita 2.5. Akitua hukunja mabawa ya kijivu yenye madoa meusi, na ncha zake zina mistari midogo iliyosongamana. Akishtuliwa huruka, na hapo ndipo mabawa ya nyuma yanapoonyesha wekundu, weusi na utepe mweupe. Tumbo ni la manjano lenye mikanda myeusi. Haumi wala hadungi, kwa hivyo mtu asiogope kumkamata.

Kosa tunalolitarajia ni la aina mbili. La kwanza ni kudhani fungu la mayai ni tope la barabarani na kulipita. La pili ni la shambani: kuona ukungu mweusi juu ya majani na kupiga kelele kwamba Lycorma amefika. Ukungu huo humea juu ya umajimaji mtamu unaoachwa na mdudu yeyote mfyonza utomvu, wakiwemo vidukari, inzi weupe na vidung'ata wenye unga mweupe tunaopambana nao kila siku. Ukungu pekee si ushahidi. Ushahidi ni mdudu mwenyewe, au fungu la mayai.

Na anayeliona afanye nini? Asilikwangue kwa kiatu. Apige picha akiwa ameweka rula kando. Alikwangue kwa kadi ngumu, kutoka pembeni kuelekea katikati, moja kwa moja ndani ya mfuko wenye alkoholi ya asilimia 70 (dawa ya kutakasa mikono yenye alkoholi inafaa pia), aufunge, kisha aandike namba ya kontena, bandari na tarehe ya kupakia, na mahali hasa fungu lilipokuwa. Mzigo uliobaki ukae ndani ya kontena, milango ikiwa imefungwa, hadi uamuzi wa matibabu utolewe. Palipo na fungu moja kwa kawaida pana mengine.

6. Akifika shambani, dawa pekee hazitatuokoa.

Lycorma hutoboa hadi kwenye mirija inayosafirisha chakula cha mmea na kufyonza sukari na naitrojeni. Mzabibu mmoja unaweza kuvamiwa na mamia ya wadudu wazima kwa wakati mmoja. Hasara haionekani siku hiyo. Akiba ya wanga kwenye mizizi hupungua, na mzabibu unapotakiwa kuchipua tena unakosa nguvu: macho ya kuchipua hayafunguki, vishada vinapungua, mzabibu dhaifu unakufa. Baadhi ya mashamba ya Pennsylvania yalipoteza hadi asilimia 90 ya mavuno. Umajimaji mtamu nao hudondokea majani na matunda, ukungu hufunika, na nyigu hujazana penye wavunaji.

Mizabibu ya ukanda wetu haina majira ya baridi ya kupumzika. Tunaipogoa ili kuilazimisha kuchipua, na Dodoma, kwa majirani zetu, huvuna mara mbili kwa mwaka. Kila upogoaji hutegemea akiba ile ile ambayo mdudu huyu huila. Kwa maoni yetu hapa ndipo panapotisha kuliko pote, na hatujaona pakizungumzwa.

Kuhusu kunyunyiza, ugumu ni kwamba wadudu wazima hawazaliwi shambani peke yake. Hutoka kwenye miti ya jirani kwa makundi, wakati zabibu zinaiva. Unaua wa leo, kesho wanaingia wengine. Mashamba ya Pennsylvania yaliyovamiwa yalijikuta yakipanda kutoka wastani wa takriban mara 4 za kunyunyiza dawa ya wadudu kwa mwaka hadi 14. Bifentrini hukaa muda mrefu kwenye majani, lakini lebo ya Marekani kwa zabibu inadai siku 30 za kungoja kabla ya kuvuna, wakati wadudu wanakuja mavuno yakiwa mlangoni. Dinotefurani ina muda mfupi wa kungoja, lakini hupenya ndani ya mmea na ni hatari kubwa kwa nyuki. Na ukirudia dawa za kundi la bifentrini mara kwa mara unaua wadudu marafiki, kisha utitiri na vidung'ata wanafumuka.

Yanayosaidia ni mambo mengi madogo yakifanywa pamoja. Wadudu hujazana zaidi kwenye mistari ya pembezoni iliyo karibu na miti, kwa hivyo kunyunyiza pembezoni tu kunaweza kupunguza dawa. Neti huwazuia wazima kuingia. Mitego ya faneli inayofungwa kuzunguka shina huwanasa wanapopanda. Ile ya gundi hunasa pia ndege na wanyama wadogo, na isitumiwe bila kuzungushiwa waya wa kuku. Kuvu aina ya Beauveria bassiana, ambaye bidhaa zake zinauzwa Kenya, alionekana Pennsylvania mwaka 2018 akiua Lycorma kwa wingi akiwa pamoja na kuvu mwingine, Batkoa major. Kukwangua mayai ni kuzuri, ila mengi hutagwa juu kuliko mkono unavyofika. Hakuna hata moja kati ya haya lililomwondoa katika jimbo lolote alikokwisha kuenea.

Waheshimiwa, tunayajua majibu tutakayopewa, kwa kuwa baadhi tumeshapewa kwa mdomo.

Tutaambiwa hali ya hewa yetu haimfai. Ni kweli kwamba anatoka nchi zenye baridi, na joto la mwambao halimfai. Lakini Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa saba wenyeji huvaa makoti. Tena majaribio ya maabara yameonyesha kwamba mayai yanaweza kuanguliwa hata bila kupitia baridi kali. Yasipopata baridi ya kuyapanga pamoja, tunachotarajia ni tunutu wa umri mbalimbali kwa wakati mmoja, jambo litakalofanya kupanga dawa kuwe kugumu zaidi. Wala tusitegemee kwamba kukosekana kwa mti mmoja kutamzuia: anaupenda sana Ailanthus altissima, mti wenye asili ya China, lakini imethibitishwa kwamba anaweza kukua na kuzaa bila kuupata mti huo.

Tutaambiwa zabibu si zao kubwa Kenya. Tunakubali kwamba si kahawa wala chai. Hata hivyo mdudu huyu amerekodiwa kwenye aina zaidi ya 100 za mimea, na miongoni mwake ni tufaha, pichi, plamu na jamii ya waridi. Nchi inayouza maua Ulaya haiwezi kulipuuza hilo: EPPO, shirika la afya ya mimea la Ulaya na Mediterania, limemweka kwenye orodha yake ya A1 ya wadudu wa karantini. Nzi wa matunda Bactrocera dorsalis aligunduliwa Kenya mwaka 2003. Mwaka 2014 nchi ikalazimika kusitisha yenyewe kuuza embe Ulaya, hadi 2021. Wakulima wa embe hawakuwa wameagiza nzi huyo. Na barabara ya Namanga inatuunganisha na Tanzania, ambako Dodoma inaishi kwa zabibu. Kosa la Nairobi linaweza kulipiwa Dodoma.

Tutaambiwa haiwezekani kukagua kila kontena. Hatujaomba hivyo. Australia na New Zealand zina utaratibu wa msimu dhidi ya mdudu mwingine mpanda-mizigo, Halyomorpha halys: magari, mitambo na bidhaa nyingine za hatari kutoka nchi alikoenea, zikisafirishwa kati ya Septemba 1 na Aprili 30, hutakiwa kutibiwa. Si mimea hiyo. Ni vyuma. Serikali hizo ziliamua kwamba sheria ya karantini inamfuata mdudu, popote alipojibandika.

Na tutaambiwa fedha hazipo. Kwa hilo tunawaomba muulize wakulima wa nyanya jinsi kantangaze, nondo wa nyanya (Tuta absoluta), alivyowagharimu, na wakulima wa mahindi viwavijeshi vamizi waliwagharimu nini, kisha mlinganishe na bei ya tochi.

Tunachoomba ni hiki:

(a) Ofisi moja itajwe kwa maandishi kuwa yenye dhamana ya wadudu wanaosafiri kwenye mizigo isiyo mimea, ili mwananchi asizungushwe tena.

(b) Mawe ya kukatwa, vigae vya mawe, kreti na paleti zake kutoka China, Korea Kusini, Japani na majimbo ya Marekani yaliyoambukizwa, yaliyopakiwa kati ya Septemba na Juni, yawekwe kwenye kundi la hatari. Sehemu ya kontena hizo ifunguliwe na kukaguliwa katika bohari, kabla ya kupelekwa kwenye yadi: upande wa chini wa kreti, kati ya bamba, na kona za dari na milango ya kontena.

(c) Fomu ya ukaguzi wa magari yaliyotumika iongezewe sehemu ya mayai ya wadudu, gari likaguliwe likiwa limeinuliwa, na ukaguzi huo ufanyike huko linakotoka.

(d) Mafunzo ya wakaguzi, mawakala wa forodha na wafanyakazi wa yadi za mawe, pamoja na bango la picha kwa Kiswahili. Tuko tayari kufundisha bila malipo. Pennsylvania ilianzisha kibali cha kusafirisha mizigo kwa kampuni ambayo mtumishi wake amefunzwa na kufaulu mtihani kuhusu mdudu huyu. Utaratibu huo unaweza kuigwa kwa wenye yadi.

(e) Mizabibu ya kwenye vyungu iwekwe katika bohari za kontena na yadi kubwa za mawe, kila mmoja ukiwa na mtego wa faneli, na itazamwe kila wiki mwaka mzima. Miche tutaitoa sisi. Atakayeitazama awe na jina, na daftari lake lisomwe.

(f) Miti ya Ailanthus itafutwe katika jiji na viunga vyake, na ramani yake itunzwe. Isikatwe kiholela: ukiukata mti huo bila kuutia dawa ya magugu kwa wakati ufaao, mizizi huchipuza machipukizi mengi na tatizo linaongezeka.

(g) Orodha ya dawa zitakazoruhusiwa kwa dharura kwenye zabibu na miti ya mjini iandaliwe sasa, ikiwa na vipimo, siku za kungoja kabla ya kuvuna na masharti ya kulinda nyuki. Tusije tukaona agrovet zinauza chochote kwa hofu ya watu.

(h) Mpango wa siku ya kwanza uandikwe: nani anapigiwa simu, nani ana mamlaka ya kufunga yadi, eneo la kupekuliwa kuzunguka ugunduzi lina upana gani, na mwenye mzigo atafidiwa vipi ili asiwe na sababu ya kuficha. Hilo la fidia msiliache. Mwenye yadi anayejua kwamba kuripoti ni kupoteza mzigo wake wote atakwangua mayai usiku na kunyamaza, na mengine yatakuwa yamebaki chini ya bamba.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, likitaja kila ombi kwa herufi yake na kueleza kama limekubaliwa, limekataliwa au limeahirishwa, na kwa nini. Ombi la (b) lisisubiri mengine, kwa kuwa mawe yanaendelea kuingia kila wiki.

Wenu waaminifu,

Wakuzaji wa mizabibu, wenye vitalu vya miche na wataalamu wa afya ya mimea,
Nairobi.

Nakala kwa: Wawakilishi wa wadi zenye yadi za mawe na bohari za kontena; vyama vya waagizaji wa mawe na magari; wakulima wa zabibu wa Naivasha na Yatta.